Kitendawili cha angani: gemu fupi la vidoti unaloweza kulitega hapo hapo kafe

Leo sina siasa wala mpira. Nataka tuongee magemu, na najua wengi mnasoma hapa huku dakika za kafe zinahesabiwa, kwa hiyo sitazunguka sana.

Yameanzia hapa. Nilikuwa kafe, nimefungua gemu moja dogo la angani, kijana mmoja wa sekondari akaja kusimama nyuma yangu. Si mnajua tabia yetu, kompyuta moja watazamaji watano. Akaangalia weee, mwisho akauliza: "Kaka, hilo gemu mbona kama limeharibika?" Alikuwa anaona vidoti. Mwanaanga ana kichwa cha mraba, nyota ni nukta, chombo ni mistari minne. Nikamwambia halijaharibika, ndivyo lilivyochorwa, na aliyelichora kaamua mwenyewe. Akacheka. Akasema gemu la kweli ni lile linalotaka kompyuta yenye nguvu, na hizi za kafe haziwezi, kwa hiyo sisi wa huku basi tena.

Hiyo "basi tena" ndiyo imenifanya niandike. Nataka nieleze hili gemu ni la aina gani, linafanyaje kazi kwa ndani, na kwa nini kompyuta mbovu ya kafe inatosha kabisa kulitengeneza. Narudia: kulitengeneza, siyo kulicheza tu.

Aina yenyewe ni hivi. Mtu mmoja mdogo, yuko peke yake kwenye chombo au kwenye sayari asiyoijua. Kitu kimekwama. Hakuna bunduki, hakuna pointi, hakuna kufa kila sekunde. Unatembea chumba hadi chumba, unaokota vitu, unasoma maneno mawili matatu, unatumia hiki kufungua kile. Baada ya nusu saa au pungufu umemaliza na unaondoka. Ni safari na fumbo kwa pamoja. Kwa mtu anayelipia kwa saa, ni gemu lililokatwa kwa kipimo chake.

Sasa vidoti. Kila kidoti kwenye kioo kinaitwa pikseli. Kama nyumbani kwenu kuna vile vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa kuhesabu, unakijua kitu hiki kabla hujaona kompyuta. Mama anahesabu matundu: matatu mekundu, mawili meupe, moja jekundu, na mwisho linatokea ua. Ukisogea karibu ni visanduku tu, ukirudi nyuma ni ua. Hakuna anayesema kitambaa kimeharibika. Sanaa ya pikseli ni kazi ile ile, na ugumu wake ni ule ule: una visanduku vichache, kila kimoja lazima kiwe na sababu ya kuwepo. Mwanaanga kwenye visanduku 8 kwa 8 ana visanduku 64 tu kwa kichwa, mikono, miguu na mtungi wa hewa mgongoni. Ukikosea kimoja anakuwa mbuzi. Nimejaribu, nasema kwa uzoefu.

Na kwa nini angani? Kwa sababu anga ni tupu, na utupu hauna gharama. Ukichora soko la Mugumu inabidi uchore watu, mabanda, nyanya, bodaboda, vumbi. Ukichora anga umeacha wazi, umetupia nukta kumi, mtu anaamini. Ndiyo maana tangu zamani mashine dhaifu zilikimbilia huko. Spacewar!, gemu la vijana wa MIT kule Marekani mwaka 1962, lilikuwa vyombo viwili na nyota. Na wengi wetu, au kaka zetu, gemu la kwanza la angani lilikuwa Space Impact kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000. Kioo chake kilikuwa na pikseli 84 kwa 48, yaani 4,032 kwa jumla, na ndani ya hicho kijidirisha watu walipigana vita vya angani mpaka kidole kikauma. (Kwenye simu hiyo hiyo kulikuwa na Bantumi, ambalo ni ndugu wa bao letu, ila hatukuliheshimu. Wazee ndiyo walilichangamkia.)

Lakini Space Impact ni la kupiga risasi. La kufikiri ni jingine, na mfano wake mkubwa ni Space Quest la mwaka 1986, kazi ya jamaa wawili, Mark Crowe na Scott Murphy, kwenye kampuni ya Sierra. Shujaa wake anaitwa Roger Wilco na kazi yake ni kufagia chombo cha angani. Maadui wanavamia, wenzake wanauawa, yeye anapona kwa sababu alikuwa amejificha kwenye stoo ya mafagio akiuchapa usingizi. Rangi zilikuwa 16. Lilichekesha, lilipendwa, na lilikuwa na ubaya mmoja ambao ndio somo letu.

Ubaya wenyewe: mwanzoni uko ndani ya chombo kinachokaribia kulipuka. Inabidi utoke upesi. Lakini humo ndani kuna vitu vya kuokota, na ukikisahau kimoja, chombo kikalipuka, huwezi kurudi. Gemu halikuambii. Linakuacha uendelee, unahangaika mbele huko, unajiona mjinga, kumbe ulishashindwa zamani. Magemu mengi ya miaka ile yalikuwa na mtego wa namna hiyo. Mwaka 1989 Ron Gilbert, mtengenezaji wa kampuni ya Lucasfilm Games, aliandika makala akilalamikia mambo kama haya, na mwaka uliofuata akatoa The Secret of Monkey Island, gemu ambalo lilijitahidi kutokukuacha umekwama bila kujua.

Mimi nasema bibi zetu walishalimaliza suala hili. Kitendawili! Tega. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Angalia kilivyo cha haki: kila unachohitaji kipo kwenye maneno. Hujaambiwa uongo, hujafichwa kitu. Umefichwa kwa kuangalia upande mwingine tu, na ukipata jibu unajipiga kichwa, unasema aah, nilikuwa nalijua. Na ukishindwa haufukuzwi mchezoni. Unaambiwa "nipe mji". Unatoa mji, mtegaji anautembelea kidogo kwa maneno, kisha anakupa jibu. Yaani kuna msaada, lakini una bei, na bei yenyewe ni aibu ndogo mbele ya wenzako. Watengenezaji wa magemu huko duniani bado wanaumiza kichwa jinsi ya kumpa mchezaji dokezo bila kumwondolea raha. Sisi tulikuwa nalo jibu tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

Mwingine aliyelielewa hili ni Jakub Dvorský wa Ucheki. Mwaka 2003 akiwa mwanafunzi alitoa Samorost, gemu fupi la bure la ndani ya intaneti. Kijitu kidogo kinaona kwa darubini kwamba kimondo kikubwa kinakuja kugonga kasayari anakoishi, anaenda kukizuia. Halikuwa la vidoti, picha zake ni za magome na kuvu, lakini ufupi na fumbo ndivyo vile vile. Skrini moja, tatizo moja, vyote unavyohitaji viko mbele yako. Huwezi kusahau kitu nyuma kwa sababu nyuma hakuna. Lilichezwa kwa Flash, na mnajua Flash ilizimwa mwisho wa mwaka 2020, magemu kibao yakapotea nayo. Hili walilirudisha wenyewe mwaka 2021, bure tena.

Haya, sasa kutengeneza. Kuna kifaa kinaitwa Bitsy, alikitengeneza Adam Le Doux. Kiko bitsy.org. Ni bure, na hakihitaji kuingizwa kwenye kompyuta, kwa hiyo mwenye kafe hana cha kukukataza. Kinafunguka ndani ya brauza. Kila chumba ni vigae 16 kwa 16, kila kigae ni pikseli 8 kwa 8, na kila chumba kina rangi 3 tu: ya nyuma, ya vigae na ya watu. Una mwanaanga wako, una watu au vitu vya kuongea navyo, una vitu vya kuokota, una milango ya kwenda chumba kingine, una mwisho. Maneno unaandika Kiswahili chako safi, au hata Kikurya ukitaka, herufi ni zile zile. Ukimaliza unashusha faili moja tu, na mtu yeyote mwenye brauza analifungua.

Vyombo vipo, kinachobaki ni hadithi. Hapa wengi wanakimbilia kuiga sinema za Marekani. Mimi nilitafuta ya kwetu nikaipata karibu kuliko nilivyodhani.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA. Kwa sababu ya siku hiyo na kwa heshima ya wenyeji, mama aliyesimamia mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuangalia eksirei za angani tu. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa yetu inazizuia (bahati nzuri), kwa hiyo lazima upande juu ya hewa ndipo uzione. Ilifanya kazi mpaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Ilionyesha pia kwamba kimoja, Cygnus X-1, kinapepesa haraka mno, na hiyo ikawa moja ya dalili zilizowafanya wanasayansi waamini pale kuna shimo jeusi. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kilichonishika ni njia yake. Uhuru ilizunguka karibu kabisa na ikweta, haikupotea zaidi ya nyuzi 3 kusini au kaskazini. Mugumu tuko chini kidogo ya nyuzi 2 kusini. Maana yake ilikuwa inapita karibu na vichwa vya wazee wetu zaidi ya mara kumi kwa siku, wao wako na ng'ombe zao, chombo chenye jina la Kiswahili kinapita juu kikitafuta shimo jeusi. Hakuna aliyewaambia. Mimi mwenyewe sikufundishwa shuleni.

Basi nikaamua gemu langu litakuwa humo. Wewe ni fundi, umetumwa kwenye Uhuru baada ya kuzimika, unatakiwa uiwashe kwa mara ya mwisho na uitambue nyota sahihi. (Ndiyo, Uhuru ya kweli haikuwa na vyumba wala mtu ndani, ilikuwa chombo cha vipimo. Gemu ni gemu.)

Kutega fumbo unaanzia mwisho unarudi nyuma. Watu wengi wanaanzia mwanzo ndiyo maana wanapotea. Mwisho wangu: setilaiti inatuma ujumbe duniani. Ili itume inahitaji antena. Antena inahitaji betri. Betri iko ndani ya sanduku lenye skrubu. Skrubu zinataka bisibisi. Bisibisi iko wapi? Hapo ndipo unaweka kitendawili. Kwa hiyo mchezaji anaenda mbele, wewe ulienda nyuma, mnakutana. Na kwa kila kitu unajiuliza swali moja la Space Quest: akikisahau, anaweza kurudi kukichukua? Kama hawezi, badilisha. Mimi vyumba vyangu vinne nilivipanga duara, ukitoka cha nne unarudi cha kwanza. Hilo nililiiba kwenye ukweli, kwa sababu Uhuru ilikuwa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja dakika 12 hivi, na kwa kuzunguka ndiyo ilipiga chabo sehemu mbalimbali za anga. Kwenye gemu, kutembea duara ndiyo kuzunguka kwenyewe. Kila chumba kina dirisha, na kila dirisha lina nyota yake, isipokuwa moja ambalo ni jeusi tupu.

Kitendawili cha mwisho nilikitunga hivi: "Jirani yangu hana taa, ila kila anayemwendea huwaka kabla ya kuingia." Wachezaji wote wanachagua kwanza nyota kubwa kuliko zote. Wanakosa. Jibu ni lile dirisha jeusi, kwa sababu shimo jeusi lenyewe halionekani, ila vitu vinavyovutwa humo vinapata joto kali na kutoa eksirei kabla havijamezwa. Ni haki? Naona ni haki, kwa sababu chumba cha kwanza kuna karatasi ukutani inayosema "hapa hatutafuti mwanga, tunatafuta joto". Ipo mbele ya macho tangu dakika ya kwanza. Watu wanaisoma, wanaisahau.

Na robota mzee amekaa chumba cha tatu. Ukikwama unamwendea, anakwambia "nipe mji". Mbele yake kuna vigae vitatu: Tarime, Musoma, Bunda. Unakanyaga mmoja, mji umekwenda, anakupa dokezo. Mwishoni gemu linakutangazia miji uliyopoteza. Bitsy inaweza kukumbuka mambo kama hayo, ni suala la kuweka masharti kwenye maneno: kama ana betri, sema hivi, kama hana, sema vile.

Sasa niwape kilio changu ili kisiwapate. Nilifanya kazi hiyo jioni mbili kwenye kafe moja hapa mjini, jina naliweka kapuni. Bitsy inajihifadhia kazi yenyewe ndani ya brauza, nikaona raha, sikushusha faili. Jioni ya pili umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka ikiwa safi kama imetoka dukani. Kafe nyingi zinaweka programu ya kurudisha kompyuta ilivyokuwa kila ikizimwa, kwa ajili ya virusi, na sikuwalaumu maana ni busara tu. Lakini vyumba vyangu vyote vinne, robota, karatasi ya ukutani, kwisha habari. Nilitembea mpaka nyumbani siongei na mtu.

Kwa hiyo: kila nusu saa shusha faili la gemu, jitumie kwenye barua pepe. Ni dogo, linapita hata intaneti ikiwa ya kusuasua. Usiamini flashi peke yake, na kompyuta ya kafe usiiamini hata kidogo. Na chora kwanza kwenye daftari la hesabu la visanduku, 8 kwa 8, kwa penseli, nyumbani, bila kulipia dakika. Mara ya pili nilifanya hivyo, kazi ya jioni mbili ikaisha kwa saa mbili na ushee, na vyumba vilikuwa vizuri zaidi kuliko vya kwanza.

Jambo la mwisho ni kujaribisha. Tafuta mtu asiyejua chochote, mkalishe, halafu funga mdomo. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi nilimkalisha yule yule kijana wa "basi tena". Alizunguka dakika kumi nzima akitafuta bisibisi huku anaipita. Nilikuwa natetemeka kwa kutaka kusema. Nilipomuuliza baadaye, akasema, "Ile? Nilijua kijiko." Kweli bwana, nilikuwa nimechora kijiko. Visanduku viwili vilizidi kichwani. Nikavifuta, na nikaongeza kwamba ukiigusa inasema "bisibisi, imelegea mpini". Pia aligundua mlango niliosahau kuuweka upande wa pili, yaani ukiingia hutoki, kosa lile lile nililowasimanga wenzangu wa 1986.

Ijumaa akarudi na rafiki yake, wamelipia saa moja kwa kuchangia. Rafiki ndiye aliyecheza, yeye amesimama nyuma amekunja mikono, kafunga mdomo kama nilivyomfundisha. Ilichukua dakika 18. Rafiki kampoteza Bunda, kampoteza Musoma, Tarime kabaki nayo. Kisha dakika zilizobaki wakafungua Bitsy ukurasa mtupu, na wakaanza kubishana mwanaanga wao ashike fimbo au asishike.